Kutuma logi ya CQ WW: kuanzia saa ya kompyuta hadi faili la Cabrillo kupokelewa

Shindano la CQ WW, ambamo wapenzi wa redio duniani kote huwasiliana hewani, huanza saa 0000 UTC (saa ya dunia) Jumamosi, yaani saa tisa usiku kwa walioko Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na huisha saa 2359 UTC Jumapili. Ni saa 48 kamili. La sauti (SSB) hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, la Morse (CW) wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Neno “kamili” lina maana yake: mwaka 2026, Oktoba 31 ni Jumamosi lakini Jumapili yake imeshaingia Novemba, kwa hiyo la sauti ni tarehe 24 na 25. La Morse ni Novemba 28 na 29.

Likishaisha una siku tano za kutuma logi, yaani orodha ya mawasiliano uliyofanya. Pazia hushuka Ijumaa saa 2359 UTC, ambayo kwetu ni dakika moja kabla ya saa tisa, usiku wa kuamkia Jumamosi. Watu wa pwani waangalie hapo: usiku wa Ijumaa wa kwetu ni ule unaoitangulia Ijumaa, na huu ni ule unaoifuata. Ila hakuna sababu ya kufika huko. Logi iliyoandaliwa vizuri huchukua robo saa kuitoa na kuituma, na kazi yenyewe ya kuiandaa hufanyika kabla ya mwito wa kwanza kutoka hewani.

Maelezo haya yanafuata N1MM Logger+, programu ya bure ya Windows inayotumiwa na wengi. Ukitumia DXLog.net, Win-Test au nyingine, menyu zitakuwa na majina tofauti lakini faili la mwisho ni lilelile: Cabrillo, muundo wa maandishi wa logi za mashindano, toleo la 3.0.

Hatua ya 1: Saa, kabla ya jambo lingine lolote

N1MM huandika muda kwa UTC yenyewe. Inachukua saa ya Windows, inaangalia kanda ya saa iliyowekwa, kisha inapiga hesabu. Kwa hiyo mambo mawili lazima yawe sahihi kwa pamoja: saa ya kompyuta iwe sahihi, na kanda ya saa iwe ya mahali ulipo (kwa Afrika Mashariki chagua Nairobi, UTC+03:00).

Kosa linaloharibu logi nyingi ni la mtu mwenye nia njema. Amesikia logi inatakiwa kwa UTC, basi anarudisha saa ya kompyuta nyuma saa tatu kwa mkono na kanda inabaki Nairobi. Programu nayo inaondoa saa tatu zake. Logi nzima inakuwa nyuma kwa saa tatu, na mawasiliano ya mwanzo yanaonekana yamefanyika Ijumaa, kabla shindano halijaanza. Kosa la pili ni kinyume chake: kanda imewekwa UTC lakini saa inasoma ya Nairobi, basi kila kitu kinakwenda mbele saa tatu.

Kompyuta za zamani zina balaa lake. Betri ndogo ya kwenye ubao mama ikiisha, umeme ukikatika na mashine ikazimika, ikiwaka tena tarehe inarudi miaka nyuma. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, kila baada ya umeme kurudi angalia tarehe kwanza, ndipo ushike maiki. Pasipo intaneti, linganisha na saa ya simu. Kupishana sekunde chache hakuna neno.

Wanaosoma saa ya Kiswahili wana njia fupi ya kuhakiki UTC bila kupitia saa ya kizungu, mradi wako UTC+3. Mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 3: saa nne asubuhi ni 0700. Usiku, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili alfajiri, ongeza 15, na jibu likifika 24 au kupita, toa 24: saa nne usiku ni 1900, saa tisa usiku ni 0000, saa kumi alfajiri ni 0100. Tarehe ya UTC hubadilika saa tisa usiku, si saa sita usiku. Walioko Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi huanza shindano saa nane usiku. Kinshasa saa saba usiku. Muscat saa kumi alfajiri.

Hatua ya 2: Taarifa za kituo na ujumbe unaotuma

Fungua menyu ya Config, kisha Change Your Station Data. Jaza alama yako ya wito, jina, anwani na kanda ya CQ, yaani namba ya eneo lako la dunia katika shindano hili. Kenya, Tanzania na Uganda ziko kanda ya 37. Kongo (DRC), Rwanda na Burundi ni 36. Oman na Falme za Kiarabu ni 21. Usichukue namba ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) ukaileta huku: kanda za ITU ni hesabu nyingine, ambapo Kenya na Uganda ni 48 na Tanzania ni 53. Hizo ni za shindano la IARU (umoja wa kimataifa wa wapenzi wa redio) la Julai. Ukitangaza 48 kwenye CQ WW utawachanganya wenzako wote, na wengi wataandika 37 kwa sababu programu zao zinaijaza kabla hujasema.

Halafu tengeneza logi mpya ya shindano: File, kisha New Log in Database. Chagua CQWWCW au CQWWSSB. Kwenye dirisha hilo kuna sehemu ya Sent Exchange, yaani ujumbe unaompa kila unayewasiliana naye. Humo andika namba ya kanda peke yake:

37

Usiandike 599 37. Ripoti ya 599 (au 59 kwa sauti), inayoeleza unavyomsikia mwenzako, programu inaiweka yenyewe. Ukiirudia, kwenye faili kila mstari utakuwa na safu moja ya ziada na kituo cha kupokea logi kitasoma 599 kama ndiyo kanda yako.

Hatua ya 3: Daraja unaloshindania

Dirisha hilohilo ndilo linalozaa kichwa cha faili. Sehemu zake hazijazwi kwa kubahatisha.

Operator: SINGLE-OP ukiwa peke yako, MULTI-OP mkiwa wengi. Mtu mmoja akikaa kitini dakika kumi kukupisha ule, hiyo ni MULTI-OP.

Power: QRP ni hadi wati 5, LOW hadi wati 100, HIGH zaidi ya hapo. Redio ya kawaida ya wati 100 bila kikuza nguvu ni LOW. Kosa la hapa linauma kimyakimya: ukiacha HIGH, hakuna atakayekuuliza, utashindanishwa na vituo vya wati 1,500.

Assisted: ukifungua klasta ya DX (orodha ya mtandaoni ya vituo vilivyosikika na wenzako), mtandao wa Reverse Beacon (orodha kama hiyo inayotengenezwa na kompyuta), au programu inayosoma Morse bendi nzima, wewe ni ASSISTED, hata kama umechungulia mara moja tu. Vinginevyo NON-ASSISTED.

Band: ALL kama unataka bendi zote zihesabiwe. Ukichagua moja, mfano 15M, za bendi nyingine hazitakupa pointi, lakini ziache kwenye logi kwa sababu zinawasaidia wenzako kuhakikiwa.

Overlay, yaani daraja la nyongeza: hiari. CLASSIC ni kwa anayetumia redio moja, bila msaada, na saa 24 tu kati ya zile 48. ROOKIE ni kwa mwenye leseni ya miaka mitatu au pungufu. YOUTH ni kwa mwenye umri wa miaka 25 au chini. Kwa vituo vya kwetu, ambako wengi wamepata leseni juzijuzi, ROOKIE ni nafasi inayoachwa bure.

Klabu: andika jina lake kamili, herufi kwa herufi, jinsi linavyotumiwa na wanachama wengine. Sheria za CQ WW hutaka klabu ya eneo, si chama cha taifa, kwa hiyo kuandika chama cha nchi nzima hakukupi kitu kwenye mashindano ya klabu.

Hatua ya 4: Wakati wa shindano, linda masafa

Kama redio imeunganishwa kwa waya na kompyuta, masafa yanaandikwa yenyewe. Kama haijaunganishwa, programu inaamini ulichoiambia mara ya mwisho. Ukitoka mita 20 kwenda mita 15 ukasahau kuiambia, mawasiliano 60 yanayofuata yataandikwa bendi ya mita 20. Wenzako wote 60 wameandika mita 15. Mkaguzi akilinganisha, hakuoni kwenye logi zao, na kila moja inahesabika kuwa haikufanyika. Pointi zinaondoka na adhabu juu.

Dawa ni kuzoeza vidole: kila ukigusa swichi ya bendi, andika masafa kwa kilohezi kwenye kisanduku cha alama ya wito, mfano 21025, kisha Enter. Sheria pia zinatazama masafa halisi. Logi isiyo na masafa kamili kwa kila mawasiliano inaweza kuhamishwa daraja, na anayetaka tuzo hana budi kuyaweka.

Ukikosea herufi, sahihisha palepale. Ctrl+Q inakurudisha kwenye mawasiliano yaliyotangulia. Mawasiliano yaliyojirudia yaache, hayana adhabu, na ukiyafuta unamweka hatarini mwenzako endapo yeye alikosea yale ya kwanza.

Hatua ya 5: Kutoa faili

Kwanza nakili hifadhidata yenyewe, faili lenye mwisho wa .s3db ndani ya folda ya Databases, uiweke kwenye flashi. Kisha Tools, Rescore Current Contest, ili hesabu ipigwe upya. Kisha File, Generate Cabrillo File. Hakikisha dirisha la shindano linaonyesha logi sahihi. Ukiwa na logi ya mwaka jana na ya mwaka huu kwenye hifadhidata moja, ni rahisi kutoa ya mwaka jana.

Faili linatoka kwenye folda ya ExportFiles, likiitwa kwa alama yako ya wito. Kama alama ina mkwaju (/), mfano mgeni wa Ujerumani anayetumia 5Z4/DL0XXX, jina la faili haliwezi kuubeba, basi weka kistari. Ndani ya faili mkwaju unabaki ulivyo.

Lifungue kwa Notepad. Linafanana na hili, alama zote zikiwa za mfano:

START-OF-LOG: 3.0
CONTEST: CQ-WW-CW
CALLSIGN: 5Z4XXX
LOCATION: DX
CATEGORY-OPERATOR: SINGLE-OP
CATEGORY-ASSISTED: NON-ASSISTED
CATEGORY-BAND: ALL
CATEGORY-POWER: LOW
CATEGORY-MODE: CW
CATEGORY-TRANSMITTER: ONE
CATEGORY-OVERLAY: ROOKIE
OPERATORS: 5Z4XXX
QSO: 21023 CW 2026-11-28 0714 5Z4XXX 599 37 DL0XXX 599 14 0
QSO: 7012 CW 2026-11-28 1741 5Z4XXX 599 37 5H3XXX 599 37 0
QSO: 14031 CW 2026-11-28 1902 5Z4XXX 599 37 W1XXX 599 05 0
END-OF-LOG:

Soma mstari wa mwisho wa QSO kutoka kushoto. 14031 ni kilohezi. CW ni namna ya mawasiliano. Kwa sauti ingekuwa PH, si SSB. Tarehe huanza na mwaka. 1902 ni UTC, yaani saa nne na dakika mbili usiku Nairobi. Kisha alama yako, ripoti uliyotoa, kanda yako. Halafu alama ya mwenzako, ripoti aliyokupa, kanda yake. Sifuri ya mwisho ni namba ya kisambazaji. Kwenye vituo vya MULTI-OP ndiyo inayotenganisha redio ya kwanza (0) na ya pili (1).

Mistari hiyo mitatu pia inaonyesha hesabu ya pointi. Ujerumani (DL) na Marekani (W) ni bara jingine, pointi 3 kila moja. Tanzania (5H) ni nchi nyingine ndani ya bara lilelile, pointi 1. Kenya kwa Kenya ni 0, lakini bado inakupa nchi na kanda kama vizidishi, ambavyo idadi yake huzidishwa na jumla ya pointi, basi usimpite jirani.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa dakika tano

Angalia QSO ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza isitangulie 0000 ya Jumamosi, ya mwisho isipite 2359 ya Jumapili. Ukijua ulianza tangu dakika ya tano na mstari wa kwanza unasoma 2105 ya Ijumaa, logi iko nyuma saa tatu. Ukisoma 0305, iko mbele saa tatu. N1MM ina zana chini ya Tools ya kuongeza au kupunguza muda kwa logi nzima. Itumie hiyo, kisha toa faili upya. Usihariri mstari mmoja mmoja.

Angalia safu ya kanda yako. Iwe 37 (au yako) kutoka juu hadi chini.

Angalia masafa yanavyobadilika. Kama logi nzima inasoma 14000, redio haikuwa inaongea na kompyuta.

Angalia alama za wito zenye sifuri. Anayeandika kwa mkono huzoea sifuri yenye mkwaju, Ø. Kwenye faili iwe tarakimu 0 ya kawaida, wala isiwe herufi O. Waliopokea Morse nao waangalie ripoti: hewani 599 hupigwa 5NN, ila kwenye faili ni tarakimu.

Kichwa unaweza kukirekebisha hata baada ya shindano: anwani, klabu, daraja ulilokosea kuchagua. Alama za wito na ujumbe uliopokea ni jambo jingine. Sheria zinakataza kuzisahihisha baada ya shindano kwa kutumia hifadhidata, rekodi, barua pepe au njia nyingine yoyote. Ulichoandika ndicho ulichosikia. Kama kuna mawasiliano hutaki yahesabiwe upande wako, mfano uliteleza ukatoka nje ya masafa ya leseni yako, badilisha QSO: kuwa X-QSO: mwanzoni mwa mstari. Mwenzako anabaki na haki yake, wewe hupewi pointi wala adhabu.

Na tafadhali, faili hili lisiguse Word wala Excel. Word hugeuza vistari na kuhifadhi kwa umbo lake. Excel hula sifuri za mbele, 0007 ikawa 7, na hupanga tarehe kwa mtindo wake. Notepad inatosha. Nayo ina hila moja: Windows ikificha viambishi vya majina, faili linaweza kuitwa 5Z4XXX.log.txt bila wewe kuona. Washa maonyesho ya viambishi kwenye File Explorer uhakikishe.

Hatua ya 7: Kupakia

Nenda cqww.com, ukurasa wa kutuma logi. Unachagua faili, au unabandika maandishi yake, kisha unatuma. Bando kubwa halihitajiki: mstari mmoja una herufi zipatazo 80, kwa hiyo mawasiliano 1,000 ni kama kilobaiti 80, chini ya picha moja ya WhatsApp. Kompyuta ikikosa mtandao, hamishia faili kwenye simu ukalipakie kutoka huko. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama hati, usibandike maandishi kwenye ujumbe.

Kituo kinasoma faili na kukujibu papo hapo. Makosa yanayorudi mara nyingi ni haya. Jina la shindano si sahihi, mfano CQWWCW badala ya CQ-WW-CW. Mawasiliano yako nje ya muda wa shindano, rudi hatua ya 1. Idadi ya safu hailingani, rudi hatua ya 2, kwenye Sent Exchange. Thamani ya daraja haifahamiki, ambayo huwa ni mtu aliyeandika kwa mkono “100W” mahali pa LOW. Rekebisha kwenye programu, toa faili upya, tuma tena. Unaweza kutuma mara kadhaa kabla ya muda kwisha. Ya mwisho ndiyo inayochukuliwa.

Ukishatuma, usitegemee kwamba ukurasa ulisema ahsante. Tafuta alama yako kwenye orodha ya logi zilizopokelewa, kwenye tovuti hiyohiyo, uone na daraja lililoandikwa mbele yake. Hapo ndipo watu hugundua kwamba wameingia HIGH.

Waliopiga shindano kwa kalamu

Logi ya daftari nayo inatumwa. Njia rahisi ni kuiandika upya kwenye programu kwa tarehe, saa na masafa uliyoandika, kisha kutoa Cabrillo kama kawaida. Kwa mawasiliano 40 ni kazi ya nusu saa. Andika kilichomo daftarini, hata pale unapotilia shaka alama fulani. Na kama hutaki kushindana, weka CATEGORY-OPERATOR: CHECKLOG. Logi yako itatumika kuhakiki za wengine bila wewe kuwekwa kwenye matokeo. Kituo cha kanda 37 au 36 kinatafutwa na dunia nzima, kwa hiyo hata logi fupi ina kazi upande wa pili.

LoTW ni mlango mwingine

Kutuma Cabrillo hakumpi mwenzako uthibitisho wa mawasiliano. Kwa hilo unatoa faili la ADIF, muundo mwingine wa logi (File, kisha Export), unalitia saini kwa programu ya TQSL na kulipakia LoTW, hifadhi ya mtandaoni ya kuthibitisha mawasiliano. Usiwapelekee CQ WW faili la ADIF: halina kichwa cha daraja. Fanya yote mawili siku moja, ukiwa bado umefungua programu. Wanaoahirisha ADIF huikumbuka miezi mitatu baadaye, wakati kompyuta imeshafutwa na zile .s3db zimekwenda nayo.